Mjadala: Mgombea udiwani asiye na neno juu ya michezo na utamaduni, tumpe kura?

Mkazi wa Gungu: Ndugu zangu wa Kigoma-Ujiji, wagombea udiwani wanapopita mitaani husema sana juu ya maji, zahanati na barabara, lakini ni wachache wanaoeleza watoto wetu watacheza wapi, vikundi vya ngoma vitafanyia wapi mazoezi na wazee watabarizi wapi. Mimi naona mgombea wa namna hiyo hajamaliza kuomba kura. Mnasemaje?

Dagaa wa Kibirizi: Hiyo ni anasa. Mtu anayeamka alfajiri kuanika dagaa hana haja ya ukumbi wa ngoma. Labda wajengewe wenzetu wa Ujiji, ambao wana nafasi ya kucheza bao tangu adhuhuri hadi magharibi.

Mjukuu wa Ujiji: Nilikusudia kusoma tu, ila hilo la bao limenichoma. Barazani petu, huku kete zikitembea, ndipo ndoa zinaposuluhishwa na deni linapodaiwa kwa staha. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, Ujiji ilikuwa imekwisha kuwa mji wa misafara, na hata Stanley alipomtafuta Livingstone mwaka 1874 alimkuta kwetu, hakumkuta Kibirizi.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, ni mwaka 1871, Livingstone alifariki mwaka 1873, kwa hiyo mwaka unaoutaja wewe Stanley angemkuta marehemu. Nami naomba tusimtwishe diwani makumbusho ya Ujiji, kwa kuwa mambo ya kale yako chini ya serikali kuu.

Mjukuu wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Mwaka nimekosea, mahali sikukosea.

Dagaa wa Kibirizi: Kama ni uwanja, tunao. Julai 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapa hapa Lake Tanganyika, nchi nzima ikitutazama. Ni diwani gani aliyeileta?

Mwananchi wa Mwanga: Fainali zote nchini, kaka, umeona utukumbushe hiyo tuliyofungwa 1-0?

Mkazi wa Gungu: Tuache machungu ya Yanga. Uwanja ule ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, si wa halmashauri, na mtoto wa Gungu haingii pale na mpira wake wa makaratasi kucheza chandimu. Kiwanja nilichochezea mimi utotoni kilikatwa vipande vya nyumba, na sikumsikia diwani hata mmoja akikohoa.

Mwalimu Mstaafu: Hapo ndipo penye kazi ya diwani. Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti na kutunga sheria ndogo, na linaweza kulinda maeneo ya wazi kabla hayajaota misingi ya nyumba. Tena ipo ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo sheria imeitenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sioni kwa nini kikundi cha vijana wanaopiga muziki harusini kisiombe kama wanavyoomba wenye bodaboda. Mgombea akiniahidi uwanja wa kimataifa nitajua ananidanganya, lakini akinitajia kiwanja kimoja cha mtaa kwa jina lake na mipaka yake, nitamsikiliza.

Dagaa wa Kibirizi: Mzee wangu, hayo ni ya watu wenye nafasi. Sisi hatuna.

Mjukuu wa Ujiji: Hamna nafasi? Na mbalamwezi ikiwaka, dagaa wasipofuata taa na mitumbwi ikalala ufukweni, siku hizo zote huwa mnakwenda wapi?

Dagaa wa Kibirizi: Tunakaa juu ya mitumbwi.

Mjukuu wa Ujiji: Mkifanya nini?

Dagaa wa Kibirizi: Karata. Mvua ikinyesha tunahamia kilabuni, kwa sababu hakuna paa jingine.

Mkazi wa Gungu: Basi andika hilo la paa, nitamwuliza mgombea wenu atakapopita.

Dagaa wa Kibirizi: Mwulize. Ila usiliite ukumbi wa ngoma.