Naomba ushauri: mto mmoja halmashauri kibao, mafuriko tunajipangaje pamoja?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Niko kwenye kamati ya maafa ya kata yetu hapa bonde la Msimbazi, Dar. Huu mto unaanzia milima ya Pugu kule Kisarawe, ambako ni mkoa wa Pwani kabisa, unashuka Ilala, unagusa Ubungo na Kinondoni ndo unamwaga baharini pale daraja la Salenda. Sasa mvua inapiga juu huko sisi kwetu kukavu kabisa, watoto wanacheza, mara maji hayo yameshaingia ndani na hakuna aliyetupigia simu maana wa kule wanaripoti kwa mkurugenzi wao na sisi kwa wetu.

Sheria ya maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia mkoa mpaka kijiji na mtaa, safi, lakini maji hayajui mipaka ya kata jamani!

Ninachowaza ni kitu kidogo tu, watendaji wa kata za juu na chini wawe na grupu moja la WhatsApp, tukubaliane shule zipi zipokee watu hata wakitoka manispaa nyingine, na boti na magodoro tuazimane.

Je hii inahitaji barua rasmi ya wakurugenzi au DC anatosha? Na mafuta ya boti ikivuka mpaka analipa nani? Hapo ndo naona patatukwamisha. Waliowahi kufanya hivi, hata Rufiji na Kibiti huko, mlianzia wapi? Masika hayako mbali.