Kikundi cha Nyumba ya Bibi, Mkomani, Lamu: Fomu ya Nuru

Nuru: Asalaam aleykum. Nimekwama kwenye fomu ya kuomba kusomea sheria chuoni. Wauliza digrii ya kwanza, nami yangu ni uvuvi na sayansi ya bahari. Naogopa wataiweka kando.

Shangazi Zena: Waleykum salaam mwanangu. Miaka minne ya samaki, minne tena ya sheria, kisha Shule ya Sheria ya Kenya kule Karen mwaka mzima, na miezi ya kufundishwa kwa wakili. Karo itatoka wapi?

Ami Athman (Ohio): Karo tutazungumza. Huku Marekani sheria huanzi mpaka uwe na digrii, na chama cha mawakili hakikuchagulii somo. Muuguzi, mhandisi, mpiga kinanda, wote huketi darasa moja. Mtihani wao, LSAT, hupima kusoma na kupanga hoja. Haukuulizi kifungu hata kimoja.

Nuru: Huko sawa Ami. Hapa wengi hutoka sekondari moja kwa moja.

Mwalimu Maryam: Nuru, mtihani wa sekondari, KCSE, ulipata ngapi?

Nuru: B. Kiswahili A-.

Mwalimu Maryam: Basi tulia. Huko vyuoni kizingiti ni wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Tayarisha cheti cha sekondari, Karen nako watakitaka. Barua ya maombi umeandika nini?

Nuru: "Tangu utotoni nimependa haki na nataka kuwatetea wanyonge."

Mwalimu Maryam: Futa. Hiyo yaweza kuandikwa na yeyote.

Mjomba Lali: Nuru, nisikize mjombako. Mwaka 2018 nilikwenda Malindi, Mahakama Kuu ilipotoa hukumu ya kesi ya bandari ya Lamu. Wavuvi tuliandikiwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi yenyewe ilikuwa nini? Bahari kuchimbwa, mikoko, matumbawe, mazalio ya samaki. Mwaka uliofuata leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu ikafutwa, nayo ilikuwa mambo ya mazingira. Sisi twayajua maji haya kwa macho. Wewe wayajua kwa macho na kwa vipimo. Kwa nini uyafiche?

Shangazi Zena: Hapo Lali amesema kweli.

Nuru: 😢 Ningojeni.

Nuru: "Kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho nilipima kamba mawe walioletwa na wapiga mbizi wa Kizingitini. Kila jioni waliniuliza swali lisilokuwa kwenye daftari langu: bahari ikichimbwa na kamba wakahama, twamdai nani, na kwa ushahidi gani? Nilikuwa na vipimo, sikuwa na jibu. Nimekuja kulitafuta."

Ami Athman: Maashallah. Itume hiyo.

Mwalimu Maryam: Ongeza idadi ya kamba uliowapima. Mwisho ni lini?

Nuru: Ijumaa ijayo.

Shangazi Zena: Jumapili baada ya alasiri mje kwangu, tuhesabu karo.

Mjomba Lali: Na hapo penye "bahari ikichimbwa", sema wapi. Taja mkondo wa Mkanda.