Vifaa vya hospitali vilivyotumika: tupokee tu au tuulize kwanza?

Jamani wana Tanga, mabishano ya jana pale barazani Makorora hayakuisha vizuri nikaona niyalete hapa. Kuna vijana wetu walioko nje wanataka kukusanya vifaa vya hospitali vilivyokwisha kutumika huko, wapakie kontena, lishuke bandarini kwetu, vigawiwe zahanati na wagonjwa wa majumbani. Mzee mmoja akasema ukipewa shukuru, anayeuliza maswali hana shida. Mimi nikasema tuulize, nikaonekana nina roho mbaya.

Shikamoo mzee wangu kama unasoma, ila acha niseme yaliyonikuta.

Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Tukapewa kiti mwendo cha msaada kimetoka Ulaya, kinang'aa, tulifurahi mno. Sasa kile kiti magurudumu ya mbele ni madogo, plastiki ngumu, kimetengenezewa korido za marumaru. Ukikitoa Mikanjuni kwenye kichochoro cha mchanga yanazama, ukisukuma kwa nguvu mama anataka kwenda kifudifudi, ikabidi tumvute kinyumenyume mpaka barabarani na watu wanatazama. Halafu kipana na yeye mwembamba, anaegemea ubavu mmoja, tukajaza khanga pembeni wapi, wiki chache tu kidonda kwenye makalio, na kile kidonda kilimtesa kuliko kiharusi chenyewe. Hakuna aliyempima wala kuuliza anaishi wapi.

Hicho ni kiti. Njoo kwenye mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya kawaida na kuichuja. Ikitoka Marekani inataka umeme wa volti 120, sisi wetu ni 230, ukichomeka moja kwa moja umeiua. Na hata ikiwaka, dawa ya kuchujia iliyomo ndani huharibika kwa unyevu, na unyevu wa pwani mnaujua. Mashine inanguruma, mapovu yanatoka kwenye chupa, nesi anaamini mgonjwa anapata oksijeni kumbe anapumua hewa ile ile ya chumbani. Kiwango cha chini cha oksijeni kinachotakiwa kwenye hewa inayotoka ni asilimia 82, na bila kipimo chake huwezi kujua kwa macho. Hapo bora kusingekuwa na mashine, mgonjwa angekimbizwa hospitali ya Bombo mapema.

Sijasema haya kwa kubuni. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba vilivyohesabiwa kwenye nchi maskini havifanyi kazi, havina vipuri, hakuna fundi, hakuna aliyefundishwa. Na Shirika la Afya Duniani limeshasema kitu ambacho ubora wake haukubaliki nchini kwa mtoaji kisitolewe msaada.

Ila na wale mnaosema vipigwe marufuku vyote sikubaliani nanyi kabisa. Mtu kalala chini kwa kukosa magongo halafu unamkatalia kwa sababu yametumika? Magongo, vitanda vya kukunja, hivyo vioshwe, raba za chini zibadilishwe, vitumike. Tena hivyo havihitaji kontena, viko mvunguni mwa vitanda vyetu hapa hapa Ngamiani na Duga, watu walivunjika kwa bodaboda wakapona wakavisahau.

Kwa hiyo vijana wetu watutumie orodha kwanza kabla ya kupakia, umeme gani, kitabu cha maelekezo kipo, vipuri vinapatikana wapi, kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) nani anafuatilia, na zahanati iwe na haki ya kusema hiki hatukitaki. Anayeona naonea anijibu kwa hoja, ntasoma zote.

Mama alishatangulia mbele ya haki. Kiti chake kipo stoo, fundi baiskeli kanifungia magurudumu makubwa mbele, sasa mchanga kinapita. Upana wa kukalia ni sentimita 50. Mwenye mgonjwa ampime nyonga kwanza, akienea aniambie nimletee.