Naomba ushauri: tiketi za stafu za stendibai, watu watatu, ndege mbili za shirika lingine

mgeni_wa_rampu

Habari zenu wakuu. Nimeshatimiza muda wa kupata haki ya tiketi za stafu (za punguzo kwa wafanyakazi wa mashirika ya ndege), na likizo hii tunataka kusafiri mimi, mwenzangu na mtoto wa miaka 6. Tunakokwenda shirika letu halifiki, kwa hiyo tumekata ZED (tiketi za punguzo ambazo mashirika hupeana kwa stafu wao) za R2, yaani stendibai: unapanda kiti kikibaki, kwa shirika lingine, ndege mbili, tunabadilishia nchi ya tatu. Naomba msaada kwenye haya:

1. Tiketi nimelipia na namba ninazo. Kuna kingine cha kufanya kabla ya kwenda uwanjani?
2. Ndege ya kwanza ina viti 180, waliokwishabuku ni 168, stendibai 8 tukiwemo sisi. Kwa hesabu yangu tunaingia wote na viti 4 vinabaki. Niko sahihi?
3. Tunaweza kubeba mabegi mawili makubwa?
4. Tukikwama katikati inakuwaje?

tiketi_wazi

Naanza na swali la 1, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Tiketi na orodha ni vitu viwili tofauti. Tiketi, ile yenye tarakimu 13, ni malipo tu. Kinachokuweka kwenye ndege fulani ya siku fulani ni bukingi ya stendibai. Mifumo mingine hufanya yote mawili kwa mkupuo, mingine hukuachia la pili ulifanye mwenyewe. Mtu anafika kaunta na tiketi halali kabisa, jina lake halimo kwenye ndege. Fungua bukingi yako uhakikishe mambo manne: kila kipande cha safari kina hali ya SA (stendibai, kiti kikipatikana), majina yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za tiketi za wote watatu zimeunganishwa, na taarifa za pasipoti zimejazwa.

Pili, angalia namba ya ndege. Ndege moja inaweza kuuzwa kwa namba za mashirika mawili au matatu. Stafu anajiandikisha kwa namba ya shirika linalorusha ndege yenyewe, si la mshirika wake. Ukijiandikisha kwa namba ya mshirika, kaunta ya shirika linalorusha inaweza isikuone kabisa.

Tatu, ZED huhesabiwa kwa umbali wa kila kipande na hutumika kwa shirika lililoandikwa tu. Ndege zao zikijaa huwezi kuhamia kwa jirani na tiketi hiyohiyo. Kwa hiyo kata mapema na tiketi ya stafu ya shirika la pili kwenye njia hiyo, kama mwajiri wako ana mkataba nalo. Isiyotumika unaomba rejesho. Makato ya rejesho ni nafuu kuliko kununua tiketi ya bei ya wote usiku uko uwanjani.

mizani

Swali la 2: hesabu yako ni sahihi kwa sasa, ila bado haijawa hesabu ya siku ya safari. Viti 12 vilivyo wazi leo vinaliwa na makundi haya, na karibu yote huonekana saa za mwisho:

Mauzo. Tiketi huuzwa hadi karibu na kufunga ndege. Shirika likiwa na ruhusa ya kuuza kupita viti, 168 inaweza kufika 185 bila kosa lolote.

Abiria waliokosa ndege nyingine. Ndege ya asubuhi ya njia hiyohiyo ikifutwa, abiria wake wote wanamwagiwa kwenye ya mchana na jioni. Siku ya safari usiangalie ndege yako peke yake, angalia na zilizoitangulia.

Wasafiri wa kikazi. Marubani na wahudumu wanaopelekwa kuanza zamu kwingine huongezwa ghafla, na wao ni lazima waende. Hawamo kwenye ile 8 yako.

Stendibai wenzako. Ile 8 ni ya leo. Stafu wa shirika lenyewe wengi hujiandikisha siku ya mwisho, na kwa kawaida wote wanakaa mbele yenu. Stafu wa nje, ndio nyinyi, huwa mkiani. Kwa hiyo usihesabu mko wangapi, uliza wangapi ni wa shirika lao.

Kinachowasaidia ni wasiotokea. Njia za biashara huwa nao wengi. Njia za familia kwenda likizo huwa nao wachache, kwa sababu mtu aliyelipia watu watano hasahau safari.

Halafu kuna jambo ambalo stafu wa ofisini hulisahau: uzito. Ndege inaweza kuondoka na viti vitupu na nyinyi mmesimama getini, na wala si roho mbaya ya mtu. Kanuni za Ulaya zinahesabu mtu mzima kilo 84 pamoja na begi lake la mkononi, na mtoto wa miaka 2 hadi 12 kilo 35. Familia yenu basi ni kilo 203 kabla ya begi la chini. Sasa hali ya hewa ikichafuka kule inakotua, rubani anaongeza mafuta ya kumfikisha uwanja wa akiba. Tani moja ya mafuta hayo ni sawa na watu wazima 12. Ndiyo viti vyako 12, vimekwenda, na hakuna aliyeketi hapo.

Joto nalo lina sehemu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, mabawa yanapata msukumo mdogo na injini zinapungukiwa nguvu, kwa hiyo uzito wa kurukia unashushwa. Kwenye viwanja vya miinuko au vyenye njia fupi ya kurukia, ndege ya saa nane mchana inaweza kuacha watu ambao ile ya saa kumi na mbili asubuhi ingewabeba wote. Upepo mkali wa mbele kwenye safari ndefu unaleta matokeo yaleyale kwa sababu mafuta yanaongezeka.

Na usisome lodi (ndege imejaa kiasi gani) kwa zile herufi za madaraja ya nauli. Y9 haimaanishi viti tisa, ni kwamba mfumo hauonyeshi zaidi ya tisa kwa herufi moja. Herufi zote zikiwa sifuri pia haimaanishi ndege imejaa, mauzo yanaweza kuwa yamefungwa tu. Omba takwimu za viti, waliobuku na stendibai kutoka kwa stafu wa shirika lenyewe, mara ya mwisho saa chache kabla ya kuruka.

Ushauri wangu: chukueni ndege ya kwanza ya siku, katikati ya wiki, nje ya likizo za shule. Mkiikosa bado mna za baadaye siku hiyohiyo. Anayeanza na ndege ya mwisho ya usiku, akiikosa, anatafuta pa kulala.

kaunta_ya_nane

Mabegi: mkuu, achana na hayo makubwa mawili. Begi moja la mkononi kila mtu, ndani ya vipimo vya shirika linaloruhusu begi dogo kuliko yote mtakayopanda. Ukikabidhi begi kubwa, linabandikwa lebo ya stendibai na kusubiri pembeni. Mkiitwa dakika za mwisho, huenda likabaki. Msipoitwa, mtaanza kulitafuta huku ndege ya pili inafungwa. Vimiminika viwe vya mililita 100 kushuka, maana hujui begi litapita wapi. Na pawabenki iwe mahali pa kutoa haraka: geti wakisema begi liende chini, betri hizo haziruhusiwi kwenda nalo.

Mkifika kaunta mtapewa karatasi isiyo na namba ya kiti. Ulizeni maswali mawili tu: orodha inaamuliwa hapa au getini, na majina yanaitwa saa ngapi. Mashirika mengine hupanga daraja moja la stafu kwa tarehe ya kuajiriwa, mengine kwa aliyechekini mwanzo. Kama ni hili la pili, dakika kumi za foleni zinaweza kuwa ndizo zilizowanyima kiti.

Baada ya hapo kaeni mnapoonekana na mnyamaze. Kumuuliza wakala kila dakika tano hakusogezi jina. Msiende kula, msiende msalani wote watatu kwa pamoja. Jina likiitwa mara mbili bila jibu, linafuata la chini yenu. Na msiondoke kabla mlango haujafungwa kwa kuwa mmeona orodha ndefu. Kuna viti vinavyopatikana dakika ya mwisho kabisa, abiria wa kuunganisha wakithibitika hawafiki.

Mavazi: soma kanuni za shirika linalowabeba, si za kwenu. Na bei mliyolipa isitajwe ndani ya ndege, jirani yako huenda kalipa mara kumi.

mgeni_wa_rampu

Nashukuru sana, nimeelewa. Mnaposema jina likiitwa: sisi tuko bukingi moja. Vikibaki viti viwili?

kaunta_ya_nane

Hapo ndipo pa kuamua nyumbani, si mbele ya wakala. Mkiwa bukingi moja, wakala anaweza kuwaruka wote na kuchukua mtu mmoja anayefuata, asipojua kama mko tayari kugawanyika. Mwambieni tangu kaunta: "Tunaweza kugawanyika, mtoto aende na huyu." Atatenganisha bukingi pale pale.

Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza, kuna tiketi za stafu ambazo familia hairuhusiwi kusafiri bila mfanyakazi mwenyewe. Soma masharti ya tiketi yenu kabla ya kuamua nani abaki. Wa pili, mtoto akisafiri na mzazi mmoja, baadhi ya nchi hudai barua ya ridhaa ya mzazi wa pili. Mlipanga kwenda wote kwa hiyo hamkuandika. Andikeni mbili, moja kwa kila mzazi, zikae kwenye mabegi tofauti.

viza_kwanza

Swali la 4, la kukwama katikati. Jambo la kwanza la transiti si lodi, ni kama mnaruhusiwa kutoka nje ya uwanja huo. Mwenye tiketi ya kawaida hukaa ndani saa tatu akaondoka. Stendibai anaweza kukaa siku mbili, na viwanja vingine hufunga usiku. Juu ya hilo, kwa kuwa kila kipande kina tiketi yake, begi la chini mara nyingi halipitilizwi, na kulichukua ni lazima upite uhamiaji. Kwa hiyo chukulia kwamba mnaingia nchi hiyo na muwe na viza yake. Kama mnabadilishia Marekani hakuna mjadala: kule kila abiria anapita uhamiaji hata akiwa njiani tu, hivyo ni viza ya transiti au ESTA (kibali cha mtandaoni cha wasiohitaji viza) kwa wanaostahili.

Nchi mnakokwenda ikidai tiketi ya kurudi iliyothibitishwa, ile ya R2 inaweza isitoshe, maana haina kiti. Kaunta watafungua Timatic, mfumo wa masharti ya pasipoti na viza ya kila nchi, na kilichoandikwa humo ndicho watakachofuata. Mwombe mwenzako wa kaunta akusomee kabla ya siku ya safari.

Msitegemee fidia pia. Kanuni ya Ulaya ya 261/2004 imewatoa waziwazi wanaosafiri bure au kwa nauli ya punguzo isiyouzwa kwa umma. Ndege ikifutwa, hoteli na chakula ni juu yenu. Wekeni kando fedha ya usiku mmoja au miwili na ya tiketi kamili ya kurudi, na mpange kurudi angalau siku mbili kabla ya zamu. "Ndege zilijaa" si udhuru kwa msimamizi.

tiketi_wazi

Niongeze moja kwa siku mtakayoachwa. Msiondoke getini kabla wakala hajawatoa kwenye ndege ile na kuirudisha tiketi kuwa OPEN, yaani haijatumika. Ukishachekini, hali yake inabadilika. Akiwaacha bila kuirudisha, ndege inayofuata watawaambia tiketi imekwama au imetumika, na rejesho pia litakataliwa mpaka geti lile lirekebishe. Omba akuonyeshe, ni kazi ya nusu dakika. Kisha uliza kama jina linahamia lenyewe kwenye ndege inayofuata au mnajiandikisha upya. Kama ni upya, jiandikisheni mkiwa bado mmesimama hapo, kwa sababu wote mlioachwa mnaigombea ndege hiyohiyo.

mgeni_wa_rampu

Na kama ya kwanza imetufikisha ila ya pili tukanunua tiketi ya kawaida, hiyo ZED ya pili inarudishiwa?

tiketi_wazi

Inarudishiwa, kama iko OPEN na muda wake haujaisha. Futa jina kwenye orodha ya ndege ile kwanza, ili usihesabiwe kama aliyejiandikisha asitokee. Maombi ya rejesho yanapelekwa kwa mwajiri wako au mfumo uliokatia tiketi, siyo kaunta ya uwanjani.