Uliwahi kususia kampuni ya simu ama apu? Tupeane uzoefu

Mama wa chama, Kaptembwo, Nakuru:
Hamjambo wadau. Kwa chama chetu tuko wamama 17, na kuna apu ya mikopo, jina nitaliacha, ilimpigia pasta wa mwenzetu, ikapigia hata mwalimu wa mtoto wake, deni lenyewe ni 2,000 na alikua amechelewa siku 4. Alilia mbele yetu. Sasa wengine wanasema tuifute sote siku moja na tuambie majirani, wengine wanasema watu 17 hata hawatajua mmetoka. Wale mmewahi kugomea kampuni ya simu, mtandao ama apu, ilisaidia ama uliumia pekee yako? Niambieni yaliyowapata nyinyi wenyewe.

Muuza omena, Kibuye, Kisumu:
Dada pole kwa huyo mwenzenu. Mimi nitakuambia ya Novemba 2017, NASA, ule muungano wa upinzani wa Raila, waliposema tususie Safaricom ya simu, Brookside ya maziwa na Bidco ya mafuta. Huku hakuna mtu aliuliza mara mbili, tulikua na uchungu wa uchaguzi na tulikua tumezika watu, nikatoa laini siku hiyo hiyo nikaweka Airtel. Maziwa na mafuta ya kupika ilikua rahisi, unachukua pakiti ya pembeni basi. Lakini laini si maziwa. Mwenye omena kule Usenge anataka M-Pesa, shule inataka paybill, kasta wangu wa Eldoret akinitumia pesa kutoka M-Pesa kwa laini ya Airtel inakuja kama mesej yenye namba za siri nipeleke kwa ajenti, haikai kwa simu nilipe nayo kitu kingine. Nikapoteza makasta wawili wa gunia gunia. Januari nikarudisha laini ya zamani kwa mulika mwizi, kasimu kadogo ka tochi, naiwasha jioni tu nikitoa pesa, na nilikua naona aibu mbele ya majirani. Halafu Machi 2018 wakubwa, Uhuru na Raila, wakasalimiana, na Aprili ndio pesa ikaanza kuingia moja kwa moja kati ya M-Pesa na Airtel Money! Si sisi tuliileta, hiyo mipango ilikua inapikwa kitambo, lakini ingekuwepo ile Novemba mimi singerudi, naapa. Angalieni kama kuna mahali pa kuhamia kabla hamjatoka.

Mwalimu, Kakamega:
Ni kweli. Januari 2021 WhatsApp walipoleta masharti mapya nilihamisha grupu ya wazazi wa darasa langu kwa Telegram, wazazi 40 na kitu, wakanifuata 9. Wengine bando yao ni ya WhatsApp pekee, kwingine hawafiki. Wiki 2 nikarudi. Lakini kelele za dunia nzima zilifanya tarehe isogezwe kutoka Februari 8 hadi Mei 15, ingawa masharti yenyewe hayakuondolewa.

Dereva wa teksi, Nakuru:
Binamu yangu alikua Chicago Januari 2017 watu wakifuta Uber, ile apu ya teksi, kwa hasira za mambo ya Trump. Aliifuta akiwa hapo kwa kituo cha basi, akaweka Lyft, apu nyingine ya teksi, dakika 2. Walitoka mamia ya maelfu kwa siku chache, na mkubwa wao Travis Kalanick akajitoa kwa baraza la washauri la Trump kabla wiki iishe. Huko mlango wa pili ulikua wazi.

Karani, Bungoma:
Mama, ya mikopo ni tofauti kidogo. Ukiifuta deni linabaki, na majina ya simu yako walishachukua. Mimi nilifuta yangu 2020 na bado walimpigia shemeji yangu, nilitaka ardhi inimeze. Siku hizi kuna njia: Desemba 2021 sheria iliweka hao wa apu za mikopo chini ya Benki Kuu, na kanuni za 2022 zinawakataza kupigia watu walio kwa simu yako bila ruhusa. Na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data 2023 ilipiga baadhi ya wakopeshaji faini ya mamilioni. Andikeni malalamiko 17, kila mtu na lake, muweke picha za mesej na saa walizopiga. Halafu ndio mfute.

Mama wa chama, Kaptembwo, Nakuru:
Asanteni sana, kweli mmenifungua macho. Mahali pa kuhamia tuko napo, tutakopeshana kwa chama wenyewe. Alhamisi tunatoa ile 2,000 ya mwenzetu ilipwe, tunaandika barua, tunafuta. Muuza omena, hao makasta walirudi?

Muuza omena, Kibuye, Kisumu:
Mmoja alirudi.