Tupeane uzoefu: dawa za mimea kwenye vidonda vya moto

Mleta mada: Wadau, habari za jioni. Uji, mafuta ya maandazi, eksozi ya bodaboda, hakuna nyumba isiyojua kuungua. Uliyetumia mimea, tueleze kidonda kilikuwaje na kilipona vipi.

Naanza. Mwanangu aligusa eksozi kwa mguu. Maji ya bomba kwanza, dakika 20, ndipo nikakata alovera. Jani lisimamishe kwenye bakuli, ule utomvu wa njano uchuruzike wote maana unawasha. Unaotakiwa ni ute wa ndani, ule mweupe unaoteleza. Ngozi haikuwa imechanika. Maumivu yalitulia, pakabaki weusi kidogo tu.

Muuguzi: Asante kwa kuanza na maji. Mimi niongelee papai. Banjul, Gambia, kwenye hospitali ya Royal Victoria, wodi ya watoto waliponda papai na kulipaka kila siku kwenye vidonda vya moto. Kimeng'enya chake, papaini, hulainisha nyama iliyokufa ikatoka yenyewe. Ila hapo kidonda kilikuwa kinaoshwa na kuangaliwa kila siku. Kwenye kidonda kibichi nyumbani, tafadhali msijaribu.

Mdau wa Bukoba: Huku kwetu ni jani la mgomba. Mama aliungua mkono, akasafishwa zahanati, lakini kila akibadilishwa gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, ilikuwa imeganda, anatoka machozi. Tukamuuliza nesi, akakubali: jani changa linachemshwa, linapoa, linalazwa juu ya kidonda, gozi inakaa juu yake. Halishiki kabisa. India pia kuna hospitali zinazofunika vidonda vya moto kwa majani ya mgomba.

Mama wawili: Mwanangu alimwagikiwa uji kifuani, majirani wakamwahi na unga wa ngano na dawa ya meno. Wodini, kuutoa ule unga uliogandamana na malengelenge kulimliza kuliko uji wenyewe. Jamani, msipake vitu hivyo.

Mleta mada: Pole sana dada. Na mafuta ya nazi?

Muuguzi: Kidonda kikishafunga kabisa, yanasaidia ngozi isikakamae. Kabla ya hapo hapana. Na aliyeungua usoni, viganjani, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, aulizie na chanjo ya pepopunda.