Kodi ya soda ipimwe kwa gramu za sukari, au tuanze na karai la chipsi?

Mleta mada
Jioni hapa Mwanza, Igoma hadi Kirumba, mlo ni uleule: zege (chipsi mayai) na soda baridi. Watu wakinenepa tunawaita wavivu, na hapo ndipo tunapokosea. Kodi yetu ya soda hutozwa kwa lita, kwa hiyo kiwanda hakinufaiki kikipunguza sukari. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 hutoza kwa gramu: gramu 4 za kwanza katika kila mililita 100 zimesamehewa, zinazozidi zinalipiwa, na viwanda vikapunguza sukari. Soda ya mililita 350 huweza kuwa na gramu 37 hivi, yaani vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka tusizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Tubadili kodi.

Mchumi
Mteja atahamia kwenye juisi ya miwa na ya ukwaju pale Makoroboi. Nazo zina sukari tele, na muuzaji wa jagi hatozwi. Halafu chai ya vijiko vinne asubuhi utaitoza wapi?

Afisa lishe, Ilemela
Hoja ya juisi ni ya kweli, ila haifuti kodi. Mimi naliangalia karai. Viazi vya kuchemsha, gramu 100 zina kilokalori 87 hivi. Chipsi za uzito huohuo zinakaribia 300, kwa kuwa maji yametoka na mafuta yameingia. Mafuta mengi huingia chipsi zinapopoa baada ya kuopolewa. Basi zikung'utwe kwenye wavu papo hapo zikiwa za moto, zisirundikwe kwenye beseni. Zikatwe nene, nyembamba hunywa zaidi. Na sato yuleyule akichemshwa na nyanya na ndimu, badala ya kuzamishwa kwenye mafuta, anabaki na protini yake. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kilokalori 120. Mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui ameweka vijiko vingapi.

Tabibu, Nyamagana
Mnabishana juu ya kinga, na waliokwisha kunenepa je? Kwanza wapimwe sawasawa. Zidisha urefu wa mita kwa urefu huohuo, kisha gawa kilo kwa jibu hilo: mwenye mita 1.60 na kilo 77 amefika 30, hicho ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Wengi hupima pale mkanda unapokaa, chini ya kitambi, kipimo kikatoka kidogo. Mwanamke akizidi sentimita 88 au mwanamume 102, hatari ya kisukari na presha imepanda sana.

Pili, tazameni dawa anazotumia. Insulini na steroidi huongeza uzito, na baadhi ya wanaotumia dolutegravir, dawa ya VVU, nao huongezeka. Asiache dawa hata siku moja, aseme kliniki. Kanda ya Ziwa kuna kikwazo kingine kizito: mtu akikonda, majirani wanasema ameungua, yaani ana UKIMWI. Dada anayehitaji kupungua kilo 6 anaogopa macho ya mtaa kuliko kisukari. Ushauri usiogusa hofu hiyo haumfikii.

Mchumi
Na sindano za kupunguza uzito, hazimalizi shida?

Tabibu, Nyamagana
Semaglutide inasaidia kweli. Huanza miligramu 0.25 kwa wiki, hupandishwa taratibu kila baada ya wiki nne. Anayerukia dozi kubwa hutapika na kuishia kuiacha. Hukaa kwenye friji kabla ya kufunguliwa, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo msinunue iliyosafirishwa kwenye mfuko wa bodaboda. Ikiachwa, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Ni matibabu ya muda mrefu, kama ya presha, na wengi hawamudu bei. Kupungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito tayari kunashusha sukari na presha.

Mleta mada
Basi kodi hiyo ielekezwe huko: mizani, tepu na afisa lishe katika kila zahanati. Mchumi, hilo nalo unalipinga?

Mchumi
Fedha ikitengwa kisheria kwa kazi hiyo, naafiki. Ikiingia mfuko mkuu, bado napinga.